Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Zamu yangu huanza saa nne usiku,
theluji ya Duluth ikiwa imeshaanza ya kwake.
Simu mbili, hita moja inayokohoa,
na kitabu nilichokinunua kwa dola nne
kwenye mitumba ya kanisa la Walutheri:
mazoezi ya mtihani wa kuingia shule ya sheria,
jalada limetafunwa na mbwa wa mtu.

Mwenyewe wa kwanza aliandika jina kwa penseli,
T. Brandvold.
Akajibu, akafuta, akajibu,
akagombana na kitabu pembezoni: Hapana! Kwa nini D?
Ukurasa wa mia na kumi na mbili, akanyamaza.
Zilizobaki ni nyeupe kama barabara
ambayo greda halijaipitia.

Simu. Lori limelala mtaroni kule Hermantown.
Namtuma Orrin na gari la minyororo,
narudi kwa watu wangu saba wa benchi moja:
Fay hakai karibu na Gus;
Hal akiwa wa tatu, Ines sharti awe wa mwisho.
Hawali, hawalipi kodi,
kazi yao kukataana.
Nilipojua kuwapanga kwa dakika nane
nikasikia benchi limeondolewa kwenye mtihani,
kitabu changu ni cha zamani.
Nililia kidogo. Kisha nikacheka. Kisha simu.

Zimebaki hoja.
Dalili ya mvua ni mawingu, sawa;
lakini je, kila wingu lina mvua?
Miaka thelathini na tisa niliamini
kwamba aliyefukuzwa nyumbani ana kosa,
kwa kuwa wenye makosa hufukuzwa.
Ukurasa wa themanini, kosa namba tano:
kugeuza sharti nyuma mbele.
Nilifunga kitabu. Nikamwona mama
amekalia friji yetu nje, Mtaa wa Raleigh,
Januari, barua ya mahakama mkononi,
ameishika kichwa chini miguu juu.
Hakuna aliyemwambia kwamba barua hujibiwa.

Fomu inauliza: Kwa nini sheria?
Nimeandika mara kumi na moja.
Rasimu ya kwanza ilitaja haki mara tisa.
Binti yangu Signe akaisoma huku anatafuna tosti:
"Mama, huyu anayeongea ni nani?"
Ya mwisho ina friji tu, na mama, na barua.

Fomu inauliza pia: Umewahi kutiwa hatiani?
Visanduku viwili, ndiyo na hapana,
vidogo kuliko kucha.
Nilikuwa na miaka ishirini. Hundi ya mafuta
ya kupasha nyumba joto, dola themanini na sita,
na benki sina kitu.
Nilikaa na visanduku hivyo wiki tatu.
Nani atajua, anasema Orrin,
anapangusa barafu kwenye ndevu.
Nitajua mimi. Wala si wema;
nimechoka tu kuwa mtu wa kukisiwa.
Nikatia alama kwenye ndiyo. Nikaandika tarehe, kiasi, na senti zake.

Jana nikafika mia na kumi na mbili.
Swali la kumi na tisa: penseli yake imeacha nukta,
kama iliyogusa karatasi tu, mwenyewe akaitwa.
Mtoto, zamu, jeraha, sijui.
Nilijibu B. Chini ya nukta nikaandika:
Brandvold, ilikuwa B. Hata mimi nusura nikwame hapa.

Saa kumi na dakika arobaini, alfajiri.
Kitufe cha kutuma maombi ni cha kijani.
Nabonyeza, na kabla kioo hakijasema asante
simu inalia: mvulana, sauti inatetemeka,
yuko mtaroni, haoni taa popote,
anauliza kama kuna mtu atakuja.
Atakuja, namwambia. Washa taa za tahadhari.
Usitoke garini. Nieleze unachokiona.
Anasema: nyeupe.
Anza hapo hapo, namwambia.
Nyeupe, kisha nini?