Chumba cha Gathirwa

Bahati, Nairobi, 1954

Tulipewa chumba uji wa mwenyewe ungali moto sufuriani.
Lori lilikuwa limempakia alfajiri.
Mulwa, mume wangu, akasema: ufunguo ni ufunguo.

Usiku wa tatu, baada ya king'ora cha kafyu,
mlango ukabishwa.
Si askari. Askari hubisha kwa kitako cha bunduki.
Hizi zilikuwa kucha,
zikipanda polepole kutoka kizingitini
mpaka usawa wa jicho langu.

Mwanangu Syombua, miaka minne,
aliutegea ukuta sikio, akajibu, "Ndiyo... ndiyo..."
kisha akanigeukia:
"Mama, hawezi kupita njiani. Anataka kipande chake."

Tukakipata nyuma ya tofali lililolegea,
wino wa vidole bado mbichi, unachafua.
Nilitaka kukisukuma chini ya mlango.
Mulwa akakataa. Kipande kina bei.
Akakitia kotini, mfuko mmoja na chake.

Asubuhi, msako. Tumechuchumaa uani, mikono kichwani.
Askari akakifungua kipande cha mume wangu,
akasoma:
"Gathirwa."
Mulwa akafumbua mdomo akane,
na kilichotoka ni Kikuyu,
lugha asiyoijua.

Siku hizi hubisha wawili.
Mmoja kucha.
Wa pili kama Mulwa akitoka kazini reli:
mara mbili, kimya, mara moja.

Nimelala nimeufumbata ufunguo.
Syombua yuko macho.
"Ndiyo," anauambia ukuta.
"Ndiyo. Mama anao."