Urefu wa Jiwe Moja

Mwaka ule kaunti ilinipa tingatinga la manjano
na karatasi yenye mstari ulionyooka.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mke mjamzito,
na anayelipwa kwa saa haulizi kijito kinaumwa wapi.
Siku tisa nilivunja maungo ya Agua Mansa
(Maji Mapole, waliita waliotutangulia
katika milima hii ya kaskazini mwa New Mexico),
kona kwa kona, hadi kikawa kama kamba iliyovutwa.
Msimamizi akapiga picha.
Tukala kondoo na pilipili.

Maji yaliyonyooshwa hayana pa kupumzikia.
Yakaanza kuchimba.
Mwaka wa kwanza, kimo cha goti.
Mwaka wa tano niliteremka kwa kamba.
Ukingo uliporomoka usiku, tukausikia kitandani:
kishindo cha mtu anayetua gunia na kuondoka.
Malisho ya Casimira, yaliyokuwa yakilowesha viatu hata Julai,
yakakauka juu ya korongo
kama meza isiyokaliwa.
Mierebi ikaning'inia, mizizi nje,
nyuzi za sweta lililofumuka.

Sikumwambia mtu. Kila mtu alijua.

Miaka thelathini na minane baadaye
Casimira alinigongea mlango, ana futi kamba na mfuko wa vigingi.
Hakuuliza kama nina hatia.
Aliuliza kama nina mgongo.

Tulianza na kiburi changu.
Nilijenga ukuta kimo cha kifua, mawe niliyoyachagua mwenyewe,
nikasema huu utawazika wajukuu.
Mvua ya Agosti iliuhitaji kwa mchana mmoja tu.
Ukaenda, ukachukua na hatua kumi za ukingo.
Jumamosi Delfino, anayelima kule chini,
akapanda na lori lake, akayashusha mawe
moja
moja
kando ya barabara.
"Haya ni yenu, nadhani," akasema,
akakataa kahawa.

Ndipo tukajifunza: jiwe moja.
Usipandishe la pili juu yake.
Lilaze, lishikane na mwenzake bega kwa bega,
toka ukingo hadi ukingo,
na maji yapite juu, yachoke kidogo.
"Simzuii mtu," alisema Casimira, magoti kwenye tope,
"namwomba tu apunguze mwendo."

Machi, theluji ikiwa bado kivulini mwa misonobari,
tulichoma fito za mierebi ardhini.
Mpwa wake Amadeo alipanda arobaini
vichwa chini, matumba yakitazama jehanamu.
Tulicheka hadi tukaketi.
Sita kati ya hizo zikaota vilevile.
Sina maelezo.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Udongo je?
Nimeupima nyuma ya mawe kwa mkono wangu huuhuu
ulioshika usukani wa tingatinga:
vidole vinne, kwa miaka saba.
Korongo lina mita tatu.
Nimepiga hesabu, na jibu nimelifungia kifuani.

Casimira hakuiona masika hii.
Futi kamba yake iko kwenye gari langu,
imekatika kwenye sentimita ya pili,
kwa hiyo kila kipimo chetu, tangu mwanzo,
kilikuwa na uongo mdogo.

Leo asubuhi maji yalifika kwenye safu ya kumi na nne,
yakasita, yakapiga bega kushoto,
yakala mchanga kidogo huku, yakautema kule.
Kona.
Upana wa kofia yangu, si zaidi,
na haikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.
Nilisimama ndani yake hadi miguu ikafa ganzi.

Kisha nikapanda kutafuta jiwe.
Si kubwa.