Rasimu ya Saba

Buffalo, Februari. Theluji imefika kwenye vitasa vya magari
na ofisi yetu, ghorofa ya tatu juu ya duka la matairi,
inanuka mpira na kahawa iliyochacha.
Mimi ni mpanga kurasa. Yeye, Noreen Wasielewski,
ndiye mkuu wa mawasiliano: cheo kirefu,
meza fupi mguu mmoja, imeinuliwa kwa kamusi.

Barua ya wafadhili inatakiwa Ijumaa.
Rasimu ya kwanza aliifuta yote.
Ya pili, akatoa "mashujaa".
Ya tatu, akatoa "wahanga".
Ya nne akakwama kwenye maneno mawili, "licha ya",
akiyatazama kama mwiba wa samaki
alioutoa kooni.
"Licha ya nini?" aliniuliza. "Licha ya kichwa chake mwenyewe?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa napima pambizo.

Bodi inataka picha ya mtoto analia.
Chozi hufungua pochi, alisema mweka hazina,
wala hakusema uongo; hesabu anazo.
Noreen alinyamaza, akafunga droo yake mbovu
kwa goti.

Alasiri akaja Theron, miaka kumi na minne, koti limelowa,
yule ambaye kwake b na d ni mapacha
wanaopeana migongo na kubadilishana viatu,
yule aliyeifungua mashine yetu ya kuchapia
akaturudishia ikifanya kazi, skrubu mbili zimebaki.
Noreen humlipa kwa saa, kama mhariri yeyote.
Kuna fomu. Kuna sahihi.
Akamwekea ukurasa mbele,
akavua saa ya mkononi, akaitia mfukoni.

Aya moja, dakika kumi na moja.
Kidole kinatambaa, kinarudi,
kinasimama juu ya neno kama mtu juu ya barafu.
Nilitaka kumtajia. Noreen akanikanya kwa jicho.
Kisha:
"Hapa mmeandika mtatupa sauti.
Sauti ninayo. Muulizeni mama.
Ninachokosa ni dakika."

Ya tano, basi. Ya sita.
Ya saba ina nafasi pana kati ya mistari
na sentensi zisizomkimbia mtu.
Ilipotoka, mfadhili mmoja alituma kuuliza
kama tunadhani yeye ni mtoto.
Mwingine, mzee wa miaka sabini na tisa, dola ishirini
na ukurasa wenyewe, umekunjwa mara nne:
Nimeisoma hadi mwisho.
Hakuongeza kitu.

Usiku ule, tukisubiri katapila la theluji lipite,
alinitolea kadi kwenye droo.
Kaka yake, Kazimierz, alimwandikia alipokwenda chuo:
Baba mpenbwa.
Naye, miaka kumi na tisa, mwerevu kupindukia,
akasahihisha kwa wino mwekundu,
Dada mpendwa, na mkato mahali pake,
akabandika stempu, akamrudishia.

"Alikuwa fundi wa mabomba. Hakuniandikia tena.
Niliikuta kwenye sanduku lake la spana,
baada ya mazishi, chini kabisa,
imefungwa kwa nailoni isiingie mafuta."

Katapila likapita, taa ya manjano ikizunguka dari.
Akairudisha kadi. Droo ikakataa.
"Theron aongezewe saa mbili kwa wiki," alisema,
akaisukuma kwa goti.