Usiku wa Zipu

Fundi Lali hakuuliza hema la nini.
Alipima kwa kamba: futi tatu, futi tatu,
kimo cha mtoto wa darasa la nne.
Akakata turubai jeusi, ndani akabandika karatasi ya fedha,
ile ya kufungia chai, niliyoikunja kifuani
nikitoka ghalani Shimanzi, zamu ya jioni.
"La kupigia picha," nikamwambia, ijapokuwa hakuuliza.
Cherehani yake ikacheka peke yake.

Chumba changu hapa Guraya kina dirisha moja
linalotazama ukuta, na ukuta hautazami kitu.
Hapo, kati ya kitanda na jiko la gesi,
nikaisimamisha nyumba yako,
nikakutia mchangani, punje ya madoa
iliyonijia ndani ya kipande cha gazeti
kama deni ambalo mwenyewe kalisahau.

Siku ya tano ukachungulia.
Shingo nyeupe, ganda bado kichwani,
kofia ya mtu aliyechelewa sala.
Nikakuita Bibiye.

Tangu hapo jua lako nililinunua mimi:
tarakimu ishirini za tokeni, nikizibonyeza gizani
kwa kidole kimoja, hadi mita ilie, imekubali.
Na usiku wako nilikuwa nao mkononi.
Nikiwasha, kumekucha.
Nikivuta zipu, kumekuchwa.

Feni ni moja. Ulipewa wewe.
Mimi nikalala sakafuni, jasho likinichorea mgongoni
ramani za nchi nisizokwenda.
Maji ya kisima, ya chumvi, nikaoga mimi;
ya mtungi wa Kazungu, matamu, shilingi thelathini, ukanywa wewe.
Alfajiri moja Kazungu aligonga kwa ngumi, kama askari.
Nikalifunika hema kwa shuka, nikaketi juu ya ndoo,
nikasahau jina langu.
"Maji!" akasema. "Mbona watetemeka? Una homa?"
Nikasema nina homa.

Ukaota vidole, vitano, kisha saba,
kiganja cha mtu anayesema ngoja.
Na harufu. Yarabi, harufu!
Ikatoka chini ya mlango bila kuaga,
ikapanda ngazi hadi kwa Bi Mwanamize, mwenye nyumba,
ikaketi naye mkekani.
"Chumbani mwako mwanukiani?"
"Mrehani, Bi."
Akauweka ushungi wake sawa.
"Mrehani watu huuvaa, mwanangu. Hawaufungii zipu."

Wiki mbili nikangoja aseme zaidi. Hakusema.
Nami nikaanza hesabu: kodi ya Machi, viatu vya Nargis,
deni la Lali, chano cha mama kilichovunjika.
Kila kitu nikakitundika kwenye matawi yako
kabla hujachanua.

Jumanne ukachanua.
Nikawasha tochi ya simu, nikasogeza jicho.
Pale vifundoni, nilipongojea nywele nyeupe,
vimening'inia vifuko vidogo,
kijani, mviringo, viwili viwili, havina haya.
Bibiye, kumbe u Bwana.
Miezi mitatu nimelisha dume,
dume lisilo na kazi mjini ila kutimua vumbi.
Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.
Kisha sikucheka.

Sikukukata kwa hasira.
Nilikung'oa kwa mikono miwili;
mizizi ikatoka na umbo la ndoo,
imekumbatia mchanga wote, kama mpangaji anayehama
na balbu za mwenye nyumba.
Nikakushindilia guniani pamoja na maganda ya muhogo.

Mita inaonyesha yuniti tatu na nukta nne.
Hazirudishwi dukani.
Nikawasha taa. Nikawasha feni.
Nikakunja magoti, nikaingia mwenyewe,
utosi ukigusa karatasi ya chai,
na upepo, baada ya siku tisini, ukanifika shingoni.
Juu, kwa Bi Mwanamize, kijiko kilikuwa kikigonga kikombe.
Nikavuta zipu.