Ishirini kwa Kumi na Tano

Baba aliniachia utepe wa kupimia,
mita hamsini za turubai nyembamba.
Mita tatu za mwanzo zimefutika,
kwa hiyo kila kipimo changu huanzia pa tatu,
kisha natoa tatu kichwani.
Ndivyo nilivyojifunza Bukavu:
kwa kutoa.

Wengine husema rasi zetu tano ni vidole vya mkono unaonawa.
Baba, Zihindula, karani wa ardhi, hakukubali.
Mkono unaonawa, alisema, hutoka majini safi.
Yeye aliona ng'ombe amelala ubavu,
chuchu zimezama ziwani.
Nikamwambia, ng'ombe ana chuchu nne.
Akakunja utepe wake polepole:
ndiyo maana wengine hapa
wananyonya hewa.

Alfajiri, Muhanzi.
Mitumbwi ya Idjwi inashusha mananasi, mihogo, makaa,
mbuzi mmoja aliyetapika njia nzima.
Bei inatajwa kwa dola, chenji inarudi kwa faranga,
na noti iliyochanika kidogo pembeni
haipokelewi na mtu, hata na aliyeichana.
Mfuko wa saruji una bei mbili,
ya hapa chini na ya kule Kadutu.
Tofauti yake ni shingo ya Kashindi,
anayeupandisha ngazi za udongo mia mbili na kumi
(nimezihesabu; zikinyesha hupungua),
akipumzika mara moja tu, kwa muuza sambaza,
bila kuutua.

Mji hauwezi kwenda mbele: mbele ni maji.
Nyuma ni mlima, pembeni ni mpaka.
Basi unapanda.
Parseli aliyoipima baba akiwa kijana
ilikuwa na nyumba moja, migomba, choo cha nyuma.
Mzaliwa wa kwanza akaoa, wakakata robo.
Wa pili akaleta mpangaji kutoka Shabunda,
mpangaji akaleta ndugu zake, ndugu wakaleta vita vyao masikioni.
Migomba ikawa mlango.
Choo kikawa chumba cha mwanafunzi.
Sasa paa la mmoja ni uwanja wa mwenziwe,
na mtoto akidondosha mpira kule juu
unarudi jioni, kutoka ziwani,
ukiwa umebebwa na mtu asiyemjua.

Mto Kawa nao una biashara yake:
unachukua chupa, kandambili, udongo,
unapeleka kwenye rasi za matajiri.
Huko maji huzimwa kwa mawe, ukuta husogezwa,
na bustani inapata hatua tatu mpya.
Udongo ule ninaufahamu.
Niliuandika kwa jina la mtu mwingine.

Machi, baada ya usiku wa mvua, Mama Nsimire aliniita.
Alikuwa na hati yake ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine:
ishirini kwa kumi na tano, sahihi ya baba yangu,
mkia wa herufi z ukishuka kama kawaida yake.
Alinionyesha kona ya kwanza, mparachichi.
Kona ya pili, jiwe.
Ya tatu, alinyoosha kidole,
na kidole kilibaki kimenyooka
juu ya bonde jekundu ambalo jana halikuwapo.
Chini kabisa, kwenye uwanja wa watu wengine,
mlango wake wa bluu ulikuwa umesimama wima,
umefungwa kwa kufuli.

«Pima, mwanangu.
Apa ni kwetu, hata mai ikipita.»

Nikamwambia utepe unahitaji mtu wa kushika upande wa pili.
Akakaa kimya. Akavua viatu.
Akashika mwanzo wa utepe, pale palipofutika,
akaanza kushuka.

Nilisoma: kumi na moja. Kumi na nne.
Utepe ukalegea, ukakaza tena.
Aliita kutoka chini kitu ambacho sikusikia,
nami nilikuwa tayari na kalamu,
natoa tatu.