Supu ya Nyuzi

Jumatano usiku nachemsha nyuzi.
Nne, nimezikunja kama tambi,
maji, siki kijiko kimoja, dakika kumi,
na sauti ya mama kutoka chumbani:
"Si sufuria yangu ya pilau hiyo?"
Ndiyo, mama. Seti mpya ni rial kumi na mbili,
na mshahara wa kusoma mita za maji
umeshapita kama maji yenyewe.

Zikipoa nazifuta kwa kanzu kuukuu.
Chini ya sufuria umebaki uchafu wa vidole vyangu,
wa kijivu: miezi minne ya harusi za Barka,
hafla ya benki,
na ule usiku wa Sib ambao hatukulipwa.

Gitaa nililinunua kwa mhandisi Mskoti
aliyekuwa anahama Sohar, anauza kila kitu:
friji, baiskeli, besi, paka.
Paka nilimkataa.
Kichwani lina kovu la sigara ya mtu nisiyemjua.
Agosti shingo hupinda. Naingiza spana ndogo,
robo mzunguko, nasikiliza,
robo tena. Joto la huku halina adabu:
ukilisahau garini Ruwi, adhuhuri moja tu,
gundi inalia.

Alhamisi sisi ni Waingereza.
Agnelo wa Goa, ngoma.
Biju, solo; mchana huuza matairi.
Rosendo wa Cebu anaimba kwa koo la mtu
aliyestaafu yeye hajazaliwa.
Na mie, mjukuu wa Wete,
nywele za njano mpaka mabegani,
suruali ya kubana hata siri haingii.
Tumezisoma picha zao. Yule wa besi
hakuwahi kutabasamu.
Basi sitabasamu. Si kazi ngumu, wigi linawasha.

Watu huja kumwona Rosendo akirusha stendi ya maikrofoni,
huja kumwona Biju akifumba macho.
Besi ni bomba ndani ya ukuta:
utalijua siku likipasuka.
Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Alhamisi hii, hoteli ya Qurum,
katikati ya wimbo wa tatu, waya ukafa.
Si amplifaya. Waya, pale kwenye koo la plagi
nilipoapa kupalehemu kesho
tangu Ramadhani.
Kimya. Yaani kimya changu mie,
maana bendi haikusimama.
Vidole navyo vikaendelea, kwa adabu tu.
Nikautazama ukumbi.
Vijana wa mafuta wanacheza.
Meneja anapiga makofi nje ya mdundo, kama kawaida.
Hakuna aliyegeuka.
Beti mbili nzima nikapiga hewa,
nimevaa nywele za mtu,
napiga nyimbo za mtu,
nikajiuliza changu humu ni kipi.
Jasho, labda.

Kisha Shofiqul, mhudumu, na sinia lake la glasi,
akasimama mbele ya spika yangu.
Akalitazama sinia. Akanitazama.
Akainama, kwa kile Kiarabu chetu cha mitaani:
"Bhai, glasi zimenyamaza."
Kila Alhamisi, akasema, akifika hapa
hugongana, naye hubana vidole.
Leo nusura azimwage:
mkono ulijikaza kungoja mtikisiko
usije.

Nikaupinda waya, nikauzungushia utepe mweusi,
sauti ikarudi kwa kishindo,
glasi zikaanza tena kuteta.
Yeye akaenda zake, meza namba tisa.
Sikutabasamu. Yule wa pichani hakutabasamu.
Labda kidogo, upande wa ukutani.

Saa nane usiku napakia.
Spika kilo thelathini, lifti mbovu,
mlango wa jikoni, mapipa.
Rial ishirini na tano ndani ya bahasha
yenye jina langu lililokosewa.

Mama hajalala.
"Wamekusikia?"
Mmoja, nasema.
Anafikiri, anajifunika shuka vizuri.
"Basi kaisugue sufuria. Kwa ndimu.
Wali wangu umenuka chuma."