Nilichokikata Kochkor

Sikuusikia ukikatika.
Meno ya katapila yalikuwa yakitafuna udongo wa Novemba,
injini inanguruma, natafuta njia ya bomba la maji,
na mkongo ule, mnene kama gumba langu tu,
ulikatika kimya, kama mgeni atokaye karamuni
bila kuaga.

Kilichopiga kelele ni kijiji.
Zahanati kwanza. Kisha duka la Sagynbek,
lisilopokea tena malipo ya simu.
Kisha mwalimu, theluji imemjaa kofiani,
akaja hadi ukingoni mwa mtaro
akanitazama tu.

Aizirek alifika saa kumi na moja jioni
na hema dogo, jiko la gesi, na sanduku la manjano
alilolipakata kama mtoto mwenye homa.
Hakunitukana. Alisema:
"Shika taa. Usipumue huku."

Nikashika.

Akauchuna mkongo ganda kwa ganda,
akafuta ute wake kwa kitambaa,
na ndani, nyembamba kuliko nywele, nyuzi kumi na mbili za kioo,
kila moja na rangi yake isije ikapotea njia.
Bluu kwa bluu. Chungwa kwa chungwa.
"Nikiiozesha kijani kwa kahawia," alisema,
"utamsikia mwalimu wako tena."

Mimi nilidhani kuunga ni kupiga fundo.
Kwetu waya ukikatika twausokota,
twauzungushia utepe, yamekwisha.
Yeye alianza kwa kukata.
Alichuna uzi hadi ukabaki uchi, akaupangusa kwa spiriti,
akaukata upya, mkato mnyoofu, chap,
maana pale nilipopita mimi palikuwa na chengachenga
na mwanga, alisema, hauvuki mahali palipochanika.

Kwenye kioo cha mashine ncha mbili zikatokea
kubwa kama magogo.
Zikasogeleana. Zikasita. Zikalingana.
Cheche.
"Hasara sufuri nukta sufuri mbili," akasoma,
akavisha kiungo mrija, akautia joto ukasinyaa,
akanyoosha mkono kuchukua uzi mwingine.

Wa saba, mwekundu, ulimgomea.
Mimi sikuona kasoro.
"Umeshaungana huo," nikasema, vidole vimekufa ganzi.
"Umegusana," akajibu,
akauvunja.

Nimeunga mchuzi, nimeunga mkono wagombea watatu
walioshindwa, nimeunga udugu kwa kiapo
na ndugu huyo hanisalimii.
Sijapata kuona mtu akivunja kiungo chake mwenyewe
kwa ajili ya hasara isiyoonekana kwa macho.
Mara mbili aliuvunja. Ya tatu ukakubali.

Sikumwambia kuhusu Nurzat
anayepiga deki korido za hospitali Yekaterinburg
na hunipigia saa tatu usiku, kila siku,
akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.
Niliuliza tu, kana kwamba ni jambo la kitaalamu:
sauti ya mtu hupita uzi upi?
Akacheka kwa mara ya kwanza.
"Huwezi kumchagulia. Wanapita maelfu kwa uzi mmoja
na hakuna anayemkanyaga mwenzake."

Mwishoni alizikunja nyuzi ndani ya kasha,
na mkongo wenyewe akauachia mita kumi za ziada,
akazizungusha shimoni kama nyoka aliyelala.
"Za nini hizi?"
"Za yule atakayekuja kukata tena."
Hakunitazama aliposema hivyo.
Angenitazama ingekuwa nafuu.

Saa tatu na dakika ishirini, simu mfukoni.
"Mbona kimya?" Nurzat, pumzi zake karibu
kuliko za Aizirek aliyekuwa anafunga hema.
"Mtandao," nikasema.
"Mtandao umefanyaje?"

Katapila lilikuwa nyuma yangu, koleo limeinama,
theluji inaanza kulifunika meno.

"Niliukata mimi," nikasema.
Upande wa pili, ndoo ikasogea.
Akacheka hadi akakohoa,
na kikohozi kikafika chote,
hakikupungua hata kidogo.